Mashine ya Leza Inayorudia Kosa Lilelile

Mashine ya leza iliyozoeleka katika karakana ndogo, zile zinazochonga mihuri ya mpira, ngao za shule, vibao vya majina na kadi za harusi za mbao, ni mashine ya gesi ya kaboni dioksidi yenye tyubu ya kioo. Leza ya aina hiyo ilibuniwa na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo. Umeme wa volti nyingi husisimua gesi ndani ya tyubu. Mwali usioonekana kwa macho hutoka upande mmoja, hukatishwa kona na vioo vitatu, kisha lenzi huukusanya kuwa nukta ndogo inayounguza. Wauzaji huisifia sana sehemu hiyo. Kinachoamua kama herufi itanyooka au itapinda, hata hivyo, ni upande mwingine wa mashine ambao hauna miujiza yoyote: mota, puli, mikanda, reli, magurudumu na skrubu. Hitilafu nyingi zinazojirudia hukaa huko.

Kichwa kinachobeba lenzi hutembea kulia na kushoto juu ya boriti inayoitwa daraja. Daraja lenyewe huenda mbele na nyuma juu ya reli mbili za pembeni. Mwendo wa kwanza mafundi huuita X, wa pili Y, na kila mmoja una mota yake ya hatua inayovuta mkanda wa meno. Mota ya kawaida ya aina hiyo hupiga hatua 200 kukamilisha mzunguko mmoja. Puli yake ikiwa na meno 20, na meno ya mkanda yakiwa yameachana kwa milimita 2, mzunguko mmoja husogeza kichwa milimita 40, yaani milimita 0.2 kwa kila hatua. Draiva ya mota huigawa tena kila hatua katika vipande vidogo, mara nyingi 16, na ndiyo maana mstari wa mshazari huonekana laini badala ya kuwa ngazi.

Jambo moja huelezea karibu matatizo yote yanayofuata. Kontrola ya mashine hutuma hatua na kuamini kwamba zimepigwa. Haina njia ya kujua kama kichwa kimefika kweli. Ni mtu anayevuka chumba gizani kwa kuhesabu hatua: akiteleza mara moja, hesabu yake huendelea vilevile huku yeye yuko mahali pengine. Mashine za bei kubwa zina vipimio vinavyosoma mahali mota ilipo. Hizi ndogo zina swichi ya mwanzo tu kwenye kona, ambayo huguswa mashine inapowashwa na baada ya hapo haiulizwi tena. Ndiyo sababu mchoro ukihama katikati ya kazi, mashine huendelea kuchora kwa utulivu mkubwa, pasipo kengele wala onyo, hadi ubao wote uharibike.

Basi kosa lenyewe ndilo shahidi wa kwanza, na linapaswa kusomwa kabla ya mtu kushika spana. Je, liko upande wa X, wa Y, au kote? Linatokea mahali palepale pa meza, au sehemu ileile ya mchoro hata mchoro ukihamishiwa kwingine? Linaanza mara tu mashine inapowashwa, au baada ya saa nzima ya kazi? Na likipimwa kwa kalipa, ukubwa wake ni upi? Mchoro mmoja mdogo, kwa mfano mraba wenye duara ndani yake, ukichongwa kwenye kona nne za meza na mara moja katikati, majibu mengi hujitokeza yenyewe. Kosa linaloganda mahali pamoja pa meza huelekeza kwenye reli, mkanda au waya uliokatika ndani. Kosa linalofuata mchoro huelekeza kwenye kasi, kona kali au faili yenyewe.

Kuna jaribio ambalo wengi hulipuuza kwa sababu linaonekana la kitoto. Leza huzimwa kabisa, kalamu ya wino hufungwa kwa tepu kwenye kichwa, karatasi hutandikwa juu ya meza, na faili iliyoharibika huchorwa upya kwa wino. Kalamu ikirudia kosa, tatizo limo katika mwendo, na hakuna haja ya kugusa tyubu, vioo wala chanzo cha umeme. Kalamu ikichora sawasawa mara kadhaa lakini leza ikiwashwa kosa linarudi, uchunguzi uhamie kwenye umeme. Tyubu hulishwa volti zinazofika takriban 20,000, na waya wake ukipita karibu na nyaya za mota au za swichi, tena katika jengo lisilo na waya wa ethi, kontrola inaweza kupokea ishara ambazo hakuna aliyezituma. Karatasi moja na kalamu huokoa siku nzima ya kufungua sehemu zisizo na hatia.

Ukubwa wa kosa nao husema mengi kuliko inavyodhaniwa. Mkanda ukiruka jino, mchoro huhama kwa kipimo cha jino: milimita 2, au 4, au 6 katika mashine iliyotajwa hapo juu. Mota yenye nyaya za awamu mbili ikizidiwa nguvu huanguka kwenye nafasi inayofuata ya sumaku, ambayo iko hatua nne mbele au nyuma, hivyo kosa lake huwa milimita 0.8 au mara kadhaa ya hiyo. Puli inayoteleza juu ya shafti haina kipimo maalumu. Leo kosa ni nusu milimita, kesho milimita tatu. Mashine zenye puli za ziada za kupunguza mwendo zina tarakimu zake, lakini hesabu ni ileile. Anayejua idadi ya meno ya puli zake ana kifaa cha uchunguzi kisichouzwa dukani.

Puli inayoteleza inastahili kusemwa kwa kirefu, kwani pengine ndiyo hitilafu inayorudi kuliko zote na ambayo lawama zake hutupiwa sehemu nyingine kuliko zote. Puli ndogo hushikwa kwenye shafti ya mota na skrubu moja au mbili zisizo na kichwa, zinazokazwa kwa alenki nyembamba. Mtikisiko wa kwenda na kurudi, maelfu ya mara kwa saa, huzilegeza kidogokidogo. Puli ikishaanza kucheza, kwa mtazamaji mkanda ndio unaoonekana kulegea, kwa hiyo mkanda hukazwa. Mkanda uliokazwa huficha mchezo kwa muda na huongeza mzigo juu ya skrubu ileile iliyolegea. Baada ya wiki mbili herufi za ngao zinaanza tena kuwa na kivuli, fundi anaitwa, mkanda unakazwa zaidi. Mzunguko huo unaweza kuendelea mpaka beringi za mota zife, na hapo lawama hutua kwenye mota.

Kuuvunja mzunguko huo ni kazi ya alama moja. Mstari mwembamba wa kalamu isiyofutika huchorwa kuanzia kwenye puli hadi kwenye ncha ya shafti, kisha mashine hufanya kazi ya siku moja. Mstari ukikatika, yaani nusu ya kwenye puli isipokutana tena na nusu ya kwenye shafti, ushahidi umekamilika. Dawa yake ni kuitoa skrubu kabisa badala ya kuikaza tu, kufuta mafuta kwenye nyuzi zake na kwenye shafti kwa spiriti, kuhakikisha skrubu moja inatua juu ya ubavu bapa wa shafti kama upo, na kuirudisha ikiwa na tone la gundi ya kufungia skrubu, ile ya nguvu ya wastani ambayo bado huruhusu kufunguliwa siku nyingine. Gundi ya kawaida ya haraka haifai. Hukauka kama kioo na kupasuka kwa mtikisiko. Kapulingi zinazounganisha mota ya Y na shafti ndefu ya kuvuta mikanda miwili ya pembeni zina skrubu za aina hiyohiyo, na zinahitaji jicho lilelile.

Mkanda wenyewe, ukishathibitika kuwa ndio mkosaji, hujulikana kwa duara. Mkanda uliolegea huacha mwanya kila mwendo unapogeuka, kwa kuwa mota huzunguka kidogo kabla kichwa hakijaanza kufuata. Upande wa X hugeuka kwenye ncha za kushoto na kulia za duara, na hapo huonekana ubavu ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu. Ubavu bapa ukiwa juu na chini, mikanda ya Y ndiyo ya kuangaliwa. Katika uchongaji wa kujaza, ambapo kichwa hupita kulia na kushoto mstari baada ya mstari, mwanya huohuo huzaa kingo zenye meno kama msumeno, kwa sababu mistari ya kwenda haikutani na mistari ya kurudi.

Hapo pana mtego. Kingo za msumeno huletwa pia na kuchelewa kwa umeme: mwali huwaka sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya amri, na kichwa kikiwa kasi huwa kimeshasogea. Tofauti hupatikana kwa kuchonga neno moja kwa kasi ya milimita 100 kwa sekunde, kisha kwa 300. Meno yakikua pamoja na kasi, marekebisho yafanywe kwenye programu. LightBurn, kwa mfano, ina jedwali la kufidia ucheleweshaji kwa kila kasi. Meno yakibaki na ukubwa uleule, kuna kitu kimelegea. Wako wanaotumia jedwali hilo kuficha mkanda mbovu. Hufanikiwa kwa siku chache, kisha mkanda huzidi kulegea na tarakimu zote walizoingiza hugeuka uongo.

Mkanda uliokazwa vizuri hukataa kujongea ukisukumwa kwa kidole katikati yake, lakini haulii kama uzi wa gitaa. Ukikazwa kupita kiasi huinamisha shafti, hula beringi na kufanya kichwa kiwe kizito kusukuma kwa mkono. Mikanda miwili ya Y sharti ivutane sawa, la sivyo upande mmoja wa daraja hutangulia na mwingine hufuata. Unga mweusi au mweupe chini ya puli ni mkanda unaosagika. Mara nyingi uchakavu hauko sawa kila mahali: karakana inayochonga mihuri hufanya kazi karibu yote kwenye kona moja ya meza, hivyo mkanda, reli na magurudumu huchoka kwenye sentimita 20 hizohizo huku sehemu nyingine zikibaki mpya. Matokeo yake ni mashine inayochonga vibaya kazi ndogo na vizuri kazi kubwa, jambo linalowachanganya wengi. Kubadilisha mahali pa kuanzia kazi kila mwezi husambaza uchakavu bila gharama yoyote. Mkanda mpya nao usifungwe juu ya puli iliyolika, kwani meno yaliyochongoka ya puli ya zamani huula upesi.

Mawimbi kwenye mstari unaopaswa kunyooka yana lugha yake. Mawimbi yanayoanza baada ya kona na kufifia mbele husababishwa na mtikisiko: kichwa kilicholegea kwenye bati lake, meza inayoyumba, au kasi ya kuanza na kusimama iliyowekwa juu mno. Mawimbi yanayorudi kwa umbali uleule mwanzo hadi mwisho hutoka kwenye kitu cha mviringo chenye kasoro, na umbali huo ndio mzingo wake. Mawimbi ya kila milimita 40 yanatoka kwenye puli iliyosemwa awali. Yakirudi kila milimita 75 hivi, mhusika ni gurudumu lenye kipenyo cha milimita 24. Gurudumu la plastiki huota bapa mashine ikikaa miezi bila kutumika huku limekazwa sana kwenye reli.

Reli na magurudumu huharibiwa zaidi na moshi kuliko na mwendo. Mpira wa mihuri ukichongwa hutoa unga mwororo wenye mafuta unaojibandika kila mahali. MDF hutoa masizi yenye gundi, kwa kuwa mbao hizo zimeshikanishwa kwa utomvu wa viwandani. Feni ya kuvuta moshi ikiwa dhaifu, au bomba lake likiwa limepindapinda na kujaa masizi, uchafu wote hushuka juu ya reli. Kisha huja kosa la pili, la kumimina oili ya injini au dawa ya kulegeza kutu. Oili huchanganyika na masizi kuwa uji unaosaga beringi, na dawa ya kulegeza kutu huosha grisi iliyokuwemo na kukauka bila kuacha kilainishi cha maana. Reli ya chuma yenye beringi za gololi hufutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi hadi kitambaa kitoke safi, kisha hupakwa mafuta mepesi ya mashine kiasi cha kuacha ngozi nyembamba tu. Reli za aluminiamu zinazopitiwa na magurudumu ya plastiki hufutwa na kuachwa kavu. Mikanda haipakwi kitu.

Kipimo cha uzito wa mwendo ni mkono. Mashine ikiwa imezimwa, kichwa husukumwa taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha daraja. Mkono huhisi mahali pazito, mahali panapokwaruza, mahali panaporuka. Hapo pazito ndipo mota huzidiwa na kupoteza hatua. Kupoteza hatua kunakotokea baada ya saa moja tu ya kazi, hali kichwa kinasukumika vyema, huleta shaka juu ya draiva ya mota, ambayo hupata joto na kujipunguzia nguvu, hasa feni yake ikiwa imeziba vumbi. Kupoteza hatua kichwa kinapofika eneo moja tu, na reli ikiwa safi, huashiria waya uliovunjika ndani ya mnyororo wa plastiki unaozibeba nyaya. Waya huo hushika na kuachia kadiri mnyororo unavyojikunja, na ukipimwa mashine ikiwa imesimama huonekana mzima.

Tiba ya kupunguza kasi ndiyo inayotolewa mara nyingi kwa mashine inayopoteza hatua, na ndiyo inayofaa kushukiwa. Kweli, kasi ikishushwa mota hupata nguvu zaidi na kosa huondoka. Lakini mashine iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwa kasi fulani mwaka uliopita haikuamua tu kuchoka. Kuna msuguano umeongezeka au umeme umepungua. Kasi hushushwa tena miezi mitatu baadaye, na tena, hadi kazi ya nusu saa inachukua saa nzima. Kuongeza mkondo wa umeme kwenye draiva ili mota ivute kwa nguvu ni ndugu wa tiba hiyo: mota hupata joto, na mkanda hupata mzigo usiokusudiwa.

Daraja lisilo mraba na reli zake hugundulika kwa kuchonga mstatili mkubwa na kupima pembe zake kwa mshazari. Mishazari miwili ya mstatili wa kweli hulingana. Ikitofautiana kwa milimita kadhaa, upande mmoja wa daraja umetangulia. Kapulingi ya shafti ndefu hulegezwa upande mmoja, daraja husukumwa hadi ligote kwenye vizuio viwili vya mbele vilivyopimwa sawa, kisha kapulingi hukazwa tena. Hitilafu hii ikirudi baada ya kurekebishwa, sakafu ichunguzwe. Mashine iliyowekwa kwenye sakafu isiyo sawa, ikisimama kwa miguu mitatu na wa nne ukining'inia, hujipinda fremu yake taratibu, na hakuna skrubu itakayodumu kwenye fremu inayojipinda.

Fremu hiyohiyo ndiyo hufanya vioo vionekane vibaya. Malalamiko ya kwamba mashine inakata vizuri kona moja na kuunguza juujuu kona ya pili huishia kwa vioo kurekebishwa upya, kazi ya nusu siku, na baada ya mwezi hurudiwa. Kipande cha tepu ya karatasi hubandikwa mbele ya kioo, mwali hupigwa kwa kufumba na kufumbua, na alama hulinganishwa kioo kikiwa karibu na kikiwa mbali. Alama ikihama daraja linaposogea kwenye Y, kioo cha kwanza ndicho cha kurekebishwa. Ikihama kichwa kinaposogea kwenye X, ni cha pili. Hayo yameandikwa katika vitabu vingi vya maelekezo. Kisichoandikwa ni kwamba vioo vilivyofungwa barabara havijipotezi vyenyewe. Vikipotea kila mwezi, nati za kufungia skrubu za kioo hazijakazwa, daraja linayumba juu ya magurudumu yaliyolika, au mashine inasogezwasogezwa wakati wa kufagia. Kazi hiyo ya tepu haitaki mzaha: mwali hauonekani na unaweza kuchoma jicho kabla mtu hajapepesa. Miwani iliyotengenezwa mahsusi kwa mwali wa mikromita 10.6 ivaliwe, na mkono usiingie kwenye njia ya mwali kamwe.

Kabla ya vioo kulaumiwa, meza nayo ipimwe. Lenzi iliyozoeleka yenye umbali wa fokasi wa milimita 50.8 hukata vizuri ndani ya kina cha takriban milimita 2 tu, hivyo meza iliyoshuka milimita 3 upande mmoja hutosha kuleta malalamiko yaleyale. Kipande cha mbao kilichokatwa kwa urefu wa fokasi hupitishwa chini ya kichwa katika kona zote nne. Meza zinazopanda na kushuka kwa skrubu nne zilizounganishwa kwa mnyororo au mkanda huenda mshazari mkanda huo unaporuka jino upande mmoja, kwa kawaida baada ya mzigo mzito kuwekwa ukingoni. Plaiwudi iliyojikunja kwa unyevu huleta dalili hiyohiyo bila mashine kuwa na kosa lolote.

Kutu kwenye reli inayorudi hata baada ya kusafishwa ina chanzo ambacho wenye karakana hawapendi kukisikia. PVC, iwe ngozi bandia ya viti au mbao nyepesi za mabango, ikiunguzwa hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo hukutana na unyevu wa hewa na kuwa asidi. Asidi hiyo hula reli, gololi za beringi, skrubu na hata uso wa lenzi, na kwa mapafu ya anayefanya kazi ni sumu. Plastiki isiyojulikana hujaribiwa nje, mbali na mashine: waya wa shaba huwekwa motoni hadi uwe mwekundu, hugusishwa kwenye plastiki, kisha hurudishwa kwenye moto. Moto ukigeuka kijani, kuna klorini, na plastiki hiyo haina nafasi ndani ya mashine ya leza kwa bei yoyote ya mteja. Akriliki, ambayo wengi huiita perspeksi, haina tatizo hilo.

Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani Unguja na Pemba, hewa ya chumvi huongeza kazi. Reli za chuma zinahitaji kufutwa na kupakwa mafuta mepesi mara nyingi zaidi kuliko Nairobi au Arusha. Unyevu wa huko una hatari nyingine: maji ya kupoza tyubu yakiwekwa baridi mno, kwa mfano nyuzi 18, umande huota juu ya tyubu na juu ya nyaya za volti nyingi, na umeme hutafuta njia ya mkato. Katika miezi ya joto ya pwani ni salama zaidi kuyaacha maji karibu na nyuzi 25. Maji yawe yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya bomba hupitisha umeme, na ya kisima cha pwani yana chumvi juu ya hayo.

Umeme unaoyumba hujifanya hitilafu ya mwendo. Volti ikishuka kwa sekunde moja wakati friji kubwa ya jirani inapoanza, mota hupoteza nguvu na hatua huruka, bila taa kuzimika. Kosa la namna hiyo halina mahali wala mpangilio. Huja saa fulani za siku. Stabilaiza yenye uwezo wa kutosha husaidia. Jenereta dogo linaloyumba huweza kuzidisha tatizo badala ya kulipunguza.

Yote haya hukusanyika kwenye daftari. Tarehe, kazi, upande wa kosa, ukubwa wake, saa lilipotokea na kilichofanywa, mistari miwili kwa kila tukio. Baada ya miezi michache daftari huonyesha kile ambacho kumbukumbu haionyeshi, kama vile makosa yote ya X kuangukia siku za mihuri, au daraja kupinda kila baada ya usafi wa mwisho wa mwezi. Sharti la daftari ni moja: kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja. Fundi anayekaza mkanda, kusafisha reli, kushusha kasi na kubadili draiva mchana mmoja anaweza kuondoa kosa, lakini hawezi kusema alichokitibu, na kosa likirudi ataanza upya.

Kabla ya kufungua chochote, mashine ichomolewe ukutani. Chanzo cha umeme wa leza hubaki na chaji hata baada ya swichi kuzimwa, kwa hiyo upande huo uachiwe mwenye ujuzi. Matengenezo yakikamilika, faili ileile iliyoharibika ichongwe mara kumi mfululizo kwenye mabaki ya mbao, kwa kasi ileile ya zamani. Kazi ya mteja irudi mezani nakala zote kumi zikitoka sawa. Fremu iliyojipinda kiasi cha kukataa kuwa mraba baada ya kusawazishwa mara mbili haifai kuendelea kugharimiwa. Tyubu, chanzo chake cha umeme, mtambo wa kupoza maji, kontrola na mota zake bado zina thamani, na zinaweza kuhamishiwa kwenye fremu nyingine.